Taa ya SRS Ikiwaka, Usiizibe Mdomo

Muhula uliopita tulikuwa wanne kwenye gari dogo la mjomba, tunarudi chuoni kutoka Morogoro. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu, picha ya mtu amekaa na mpira mbele ya kifua, inawaka safari nzima. Nilipomuuliza mjomba alicheka: "Achana nayo mpwa wangu, gari si linatembea?"

Kweli, lilitembea. Ila swali la msingi ni jingine: tungegonga, je, mifuko ya hewa ingefumuka?

Pengine isingefumuka. Kila ukiwasha gari, kompyuta ya mifuko hiyo hujikagua. Taa huwaka sekunde chache, kisha huzimika. Ikigoma kuzimika, kompyuta imekuta hitilafu, na huenda mfumo usifanye kazi siku ya ajali. Na ukiwasha gari taa isiwake hata kidogo, usishangilie: balbu imeungua, au kuna mtu ameichomoa.

Hitilafu hutoka wapi? Kila mfuko una kiwashio chenye ukinzani mdogo, kama omu 2 hivi. Kompyuta hupitisha umeme kidogo sana kuangalia kama njia ni nzima. Soketi ikilegea au ikishika kutu, ukinzani hupanda na taa inawaka. Sehemu mbili husumbua sana. Ya kwanza ni chini ya siti za mbele, kwenye soketi za njano: siti inasogezwa kila siku, mabegi yanasukumizwa humo, maji ya kuoshea gari yanaingia. Ya pili ni nyuma ya usukani, kwenye utepe wa waya unaozunguka nao. Huo ukikatika, mara nyingi na honi inakufa.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, usichokonoe. Ndani ya mfuko kuna kilipuzi. Kuupima kwa mita ya kawaida kunaweza kuulipua usoni mwako.

Pili, tafuta fundi umeme mwenye mashine inayosoma SRS. Mashine nyingi za bei chee husoma injini tu.

Tatu, kabla hajagusa waya, azime gari, achomoe upande hasi wa betri, kisha asubiri. Toyota huagiza angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta hubaki na umeme wa akiba.

Nne, kataa njia ya mkato. Wapo wanaofunga rezista mahali pa mfuko. Kompyuta inadanganyika, taa inazimika, na wewe unabaki huna kinga huku ukijiona salama. Ukinunua gari la mtumba, hili liulize mapema.

Gari la mjomba lilipitia mikono miwili. Fundi wa kwanza alitaka kuchomoa balbu, kazi ya dakika kumi. Wa pili alisoma kodi, akakuta soketi ya chini ya siti ya dereva imelegea. Akaisafisha, akaikaza, akafuta kodi. Taa ikazimika yenyewe, kama inavyotakiwa.

Mpaka gari litengenezwe, mkanda ndio kinga uliyobaki nayo. Na hata likishatengenezwa, funga: mfuko wa hewa umeundwa kusaidiana na mkanda, si kuchukua nafasi yake. Wikiendi hii ukipewa lifti, tazama dashibodi dereva anapowasha. Taa iwake, halafu izimike. Isipozimika, mwambie, hata kama ni mjomba.