BWAWA LA SAMAKI NYUMBANI
Kulichimba ni kazi ya siku chache, kulitunza ni kazi ya kila siku

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya bwawa la samaki ni kuchimba shimo, kulijaza maji, kutia samaki, kisha kungoja siku ya kula. Sivyo. Bwawa ni kama zizi la ng'ombe. Mtu aliyejenga zizi zuri, akafungia ng'ombe ndani na kwenda zake, hawezi kudai maziwa. Kadhalika mwenye bwawa asiyelitazama kila siku hatapata samaki, hata kama shimo lake lilichimbwa kwa kipimo sawasawa.

Katika nchi ya Kenya kazi hii si ngeni. Kituo cha samaki cha Sagana, kusini ya Mlima Kenya, kilianzishwa mwaka 1948, na wakulima wengi wamejifunza huko. Tena, kuanzia mwaka 2009, serikali iligharimia uchimbaji wa mabwawa 200 katika kila eneo la bunge kati ya maeneo 140 yaliyochaguliwa, na kila bwawa lilikuwa na eneo la meta za mraba 300. Familia nyingi zilipata faida. Walakini si mabwawa machache yaliyoachwa yakaota nyasi msaada ule ulipokwisha. Mengine yalikuwa mahali pasipo na maji ya mwaka mzima. Mengine yalikosa chakula cha samaki na vifaranga vizuri. Somo hili laeleza jinsi ya kuepuka hasara ya namna hiyo.

KUCHAGUA MAHALI

Kabla ya kushika jembe, mambo matatu yapasa kuangaliwa: maji, udongo na mteremko.

Maji ya bwawa hupungua kila siku, kwa kuwa mengine hukaushwa na jua na mengine huzama ardhini. Kwa hiyo hapana budi pawe na chemchemi, mfereji au kijito kisichokauka wakati wa kiangazi. Mtu atakaye kuchepua maji ya mto hana budi kwanza kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Walakini bwawa lisichimbwe mahali ambapo mto hufurika, maana usiku mmoja wa mvua kubwa huweza kuwachukua samaki wote.

Udongo unaofaa ni ule wenye mfinyanzi wa kutosha. Ili kuujua, mtu huchukua konzi ya udongo, huuloanisha, huufinya kuwa bonge, halafu hulirusha bonge hilo juu kidogo na kulidaka. Likivunjika, udongo una mchanga mwingi. Likishikamana, lipo tumaini. Kisha huchimba shimo la kina cha kufika kiunoni na kulijaza maji asubuhi. Jioni huongeza maji yaliyopungua mpaka shimo lijae tena. Asubuhi ya pili, kama maji mengi yangali yapo, mahali pale patashika maji. Kama shimo ni tupu, afadhali kutafuta mahali pengine kuliko kupoteza nguvu.

Mteremko ukiwa wa taratibu, bwawa laweza kujazwa na kukaushwa bila pampu. Mahali penyewe pawe pa jua, si chini ya miti, kwa sababu majani yanayoanguka huoza ndani ya maji. Tena pawe karibu na nyumba. Bwawa lililo mbali ni chakula cha ndege na cha wezi.

KUCHIMBA NA KUJENGA KUTA

Kwa mtu anayeanza, bwawa la meta 20 kwa 15 latosha kabisa. Hata la meta 10 kwa 10 lafaa kwa kujifunzia. Kwanza udongo wa juu wenye nyasi na mizizi huondolewa na kuwekwa kando. Usitumiwe kujengea ukuta, kwa maana mizizi ikioza huacha njia ambazo maji hupitia.

Upande maji yaingiapo, kina kiwe nusu meta. Upande yatokapo, kiwe meta moja au zaidi kidogo. Maji yakiwa machache mno, magugu huota na ndege huingia kwa miguu. Yakiwa ya kina kirefu mno, sehemu ya chini huwa baridi na haina hewa. Sakafu yote ielekee upande wa kutokea, ili bwawa likifunguliwa lisibakize vidimbwi.

Ukuta hujengwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hunyunyiziwa maji na kushindiliwa sana. Kwa upande wa ndani, kila meta moja ya kwenda juu ipewe meta mbili za kwenda upande, ili ukuta usiporomoke. Juu yake pawe na upana wa meta moja, mtu apate kupita na toroli. Ukuta uzidi maji kwa sentimeta 30. Ukiisha kujengwa, ule udongo wa juu uliowekwa kando hurudishwa juu yake na kupandwa nyasi fupi. Miti isipandwe hapo kamwe.

Bomba la kuingiza maji huwekwa juu ya maji, na mdomo wake hufungwa wavu wa matundu madogo ili samaki wa mwituni wasiingie. Bomba la kutoa maji na lile la kupunguza maji ya mvua nayo hufungwa wavu.

CHOKAA NA SAMADI

Bwawa jipya, likiwa bado kavu, hunyunyiziwa chokaa ya kilimo ili kupunguza ukali wa udongo. Mahali pengi kilo 10 mpaka 20 kwa kila meta za mraba 100 zafaa, lakini ofisa wa samaki wa kaunti ataweza kupima udongo na kusema kiasi sawasawa.

Baada ya hapo maji huingizwa, na samadi hutiwa. Samadi hailiwi na samaki peke yake. Kazi yake kubwa ni kulisha vimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo huyageuza maji yakawa ya kijani. Vimea hivyo huliwa na vidudu vya majini na samaki pia. Kiasi cha kufaa ni gramu 50 za samadi kavu kwa kila meta moja ya mraba kwa wiki. Yaani bwawa la meta za mraba 300 hupewa kilo 15 kila wiki.

Kipimo cha kujua kama maji yamestawi ni mkono wa mtu mwenyewe. Huuzamisha taratibu akitazama kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kikionekana bado hata maji yanapopita kiwiko, samadi haitoshi. Kikipotea mapema, kabla maji hayajafika nusu ya mkono, samadi imezidi na yapasa kuachwa. Lakini mtu asidanganywe na maji ya tope: rangi inayotakiwa ni kijani, si ya udongo.

KUTIA SAMAKI NA KUWALISHA

Katika sehemu zenye joto, samaki afaaye zaidi kwa anayeanza ni ngege, ambaye hula vitu vingi na hustahimili taabu. Katika nchi za juu zenye baridi ngege hukua polepole sana, na maji yakiwa baridi mno huacha kukua kabisa.

Vifaranga hutiwa wawili au watatu kwa kila meta ya mraba, baada ya maji kuwa ya kijani. Hununuliwa kwa mtu anayejulikana, na husafirishwa asubuhi mapema. Wakifika, mfuko wao huelezwa juu ya maji ya bwawa kwa muda wa dakika 15 au 20, ili joto la maji ya ndani na ya nje lilingane. Kisha maji ya bwawa huingizwa mfukoni kidogo kidogo, na samaki huachwa watoke wenyewe. Kuwamwaga ghafula ni kuwaua.

Chakula chaweza kuwa pumba za mpunga, za ngano au za mahindi, zikichanganywa na dagaa waliosagwa. Hutolewa mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na daima mahali pale pale. Kinachobaki baada ya dakika 20 ni cha ziada, nacho huoza. Kesho yake kipunguzwe.

HATARI YA ALFAJIRI

Na iwe mfano wa mtu aliyetia vifaranga 600. Mwezi wa tano anaona samaki wake hawakui upesi kama alivyotaka. Akaongeza samadi mara tatu, akaongeza na pumba. Maji yakawa ya kijani kizito, naye akafurahi. Siku mbili zikafuata za mawingu. Siku ya tatu, kabla ya jua kutoka, samaki wote wako juu ya maji wakitweta kwa midomo wazi. Na jua lilipochomoza wengi walikuwa wameelea wakiwa wamekufa. Kazi ya miezi mitano imepotea katika usiku mmoja, na hakuna mwizi aliyeingia.

Sababu yake ni hii. Mchana, kwa nguvu za jua, vile vimea vya kijani hutoa hewa ya oksijeni ambayo samaki huivuta majini. Usiku havitoi, bali vyenyewe huivuta pamoja na samaki, na samadi inayooza huimaliza zaidi. Kwa hiyo hewa huwa chache kuliko saa zote wakati wa alfajiri. Vimea vikiwa vingi kupita kiasi, na jua likikosekana siku iliyotangulia, haitoshi.

Mwenye bwawa akiona samaki wanatweta juu ya maji asubuhi, afanye mambo matatu mara moja. Kwanza, aache kabisa kutia samadi na chakula. Pili, afungulie maji mapya yaanguke kutoka juu, maana maji yanayoanguka huchukua hewa. Tatu, atoe maji ya chini yenye uozo. Samaki wakiisha kutulia, asirudie samadi mpaka kipimo cha mkono kiseme.

SAMAKI WENGI, WADOGO WOTE

Hasara ya pili huja polepole. Ngege huanza kuzaa angali mdogo, na jike huatamia mayai kinywani mwake, kwa hiyo watoto wengi huokoka. Baada ya miezi michache bwawa hujaa samaki mamia wanaogombea chakula kile kile, na siku ya kuvua hupatikana samaki wa ukubwa wa kidole. Dawa ni kununua vifaranga vya kiume tu, au kuweka kambale wachache ili wale watoto. Lakini kambale hao wasiwe wakubwa kuliko ngege walio bwawani, wasije wakawala hao pia.

AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Bwawa lisilotunzwa laweza kuleta maradhi. Mbu huzaa katika nyasi za kando, mahali samaki wasipoweza kufika. Basi kando zifyekwe kila wiki. Konokono wa maji hueneza kichocho, ugonjwa unaojulikana sana Mwea na sehemu nyinginezo. Kwa hiyo magugu ya majini yang'olewe, mtu asikojoe wala kujisaidia karibu na bwawa, na anayeingia avae viatu virefu vya mpira.

La kwanza kuliko yote ni watoto. Meta moja ya maji yatosha kabisa kumzamisha mtoto. Boma lenye mlango wa kufungwa lijengwe kabla ya maji kuingizwa, wala si baada ya msiba. Boma hilo litazuia na fisi maji na kenge. Kwa ndege, nyuzi au wavu juu ya maji husaidia.

KUVUA NA KUANZA UPYA

Baada ya miezi sita mpaka tisa, ngege waliolishwa vizuri hufika gramu 250 au zaidi. Kati ya vifaranga 600, ikiwa 480 wameokoka na kila mmoja ana gramu 250, mavuno ni kilo 120. Kutoka hesabu hiyo hutolewa bei ya vifaranga, pumba, chokaa na vibarua, na kinachosalia ndicho faida. Asiyeandika hatajua kama amepata au amepoteza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Samaki wakiisha kuvuliwa, bwawa hukaushwa mpaka tope lipasuke kwa jua. Tope jeusi la chini hupelekwa shambani, kwa kuwa ni mbolea nzuri ya mboga. Kuta hutengenezwa, chokaa hutiwa tena, na kazi huanza upya.

KWA UFUPI

Kila siku: kutazama samaki alfajiri, kulisha mara mbili, kukagua wavu wa mabomba. Kila wiki: kupima maji kwa mkono, kutia samadi ikiwa yahitajika, kufyeka kando, kuziba matundu ya kaa na panya ukutani. Kila mwezi: kuvua samaki wachache, kuwapima uzito, kuwarudisha na kuandika.

Kazi hizi zote hazichukui saa moja kwa siku, na mtu yeyote mwenye bidii aweza kuzifanya. Lakini hazina likizo. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na mwenye kuchimba bwawa amekwisha kuvua nguo.