Khabari Huchunguzwa Kabla ya Kupokewa

Ndugu Waislamu, Suratul-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza khabari aletayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kisha tukajuta.

Majuto hayo yajulikana huku Kapsoit. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi hii ya chai iliingiwa na fitina, jirani akamfukuza jirani. Na Kenya nzima walikufa watu zaidi ya 1,100. Tume ya Jaji Waki ilieleza mwaka 2008 kwamba uchochezi ulipita katika baadhi ya redio na jumbe za simu.

Leo, kwa WhatsApp na Facebook, uwongo huenea upesi zaidi. Ukiletewa neno la siasa, uliza: nani amelisema? Afaidika nini? Upande wa pili wasemaje? Na neno likupendezalo ndilo ulichunguze zaidi, kwani mapenzi hupofusha. Aenezaye bila kuchunguza ni mshirika wa mwongo.

Wabillahi tawfiq.