ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO
Somo la historia: Mapinduzi ya Waingereza na mwanzo wa viwanda

Somo la mwezi huu ni la historia. Wengi wamesikia habari mbili za Uingereza. Ya kwanza ni jinsi Waingereza walivyomtia mfalme wao chini ya sheria. Ya pili ni jinsi mashine za mvuke zilivyoanza katika nchi ile, kisha zikaenea duniani. Mara nyingi habari hizi husimuliwa mbalimbali, kana kwamba hazina udugu. Lakini mlango uliofunguliwa na ya kwanza ndio ulioingiwa na ya pili. Tena wako watu walioachwa nje ya mlango ule, na sababu ya kuachwa kwao ndiyo maana ya somo hili.

1. Ugomvi wa mfalme na Bunge

Charles wa Kwanza alianza kutawala mwaka 1625. Aliamini ya kuwa enzi yake imetoka kwa Mungu, kwa hiyo hana haja ya kuwajibia watu matendo yake. Bunge, yaani baraza kuu la kutunga sheria, halikukubali. Mwaka 1628 liliandika madai yake: mfalme asitoze kodi bila idhini ya Bunge, wala asimfunge mtu gerezani bila kuonyesha kosa lake. Mfalme akayakubali madai hayo, lakini hakuyafuata. Tangu mwaka 1629 hata 1640 hakuliita Bunge hata mara moja, akatafuta fedha kwa njia nyingine. Kodi ya merikebu, ambayo desturi yake ilikuwa kutozwa miji ya pwani wakati wa hatari, akaitoza hata watu wa bara. Hata sabuni aliwauzia watu wachache haki ya kuitengeneza, nao wengine wakakatazwa.

Mwaka 1642 vita vikaanza kati ya mfalme na Bunge. Mwaka 1645 jeshi la Bunge lilishinda huko Naseby, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme alikatwa kichwa mjini London, mbele ya watu, kwa hukumu ya baraza lililowekwa kumhukumu. Ulaya yote ilishangaa. Wafalme walikuwa wamepata kuuawa zamani, vitani au kwa siri. Lakini mfalme kushtakiwa waziwazi mbele ya watu wake mwenyewe, hilo lilikuwa jambo geni.

2. Swali lililoulizwa Putney

Kabla mfalme hajauawa, yalikuwako mazungumzo ambayo yafaa kila mwalimu ayajue. Mwezi wa Oktoba mwaka 1647 maofisa na askari wa jeshi la Bunge walikusanyika kanisani Putney, karibu na London, kushauriana jinsi nchi itakavyotawaliwa. Kanali Thomas Rainsborough alidai ya kuwa hata mtu maskini kabisa hapaswi kufungwa na sheria za serikali ambayo hakupata nafasi ya kuiridhia. Henry Ireton, mkwe wa Oliver Cromwell, alimpinga. Alisema kura ni ya mwenye ardhi, au mwenye haki ya kudumu ya biashara mjini. Kwani asiye na kitu akipewa kura, atawaondolea wengine mali yao.

Basi askari wale, ambao wengi wao hawakuwa na ardhi, walikuwa wamemwaga damu kwa ajili ya Bunge. Lakini maneno ya Ireton ndiyo yaliyoshinda. Likumbukeni jambo hili, maana matunda yake tutayaona mbele.

3. Mapatano ya mwaka 1689

Baada ya kifo cha mfalme, Cromwell alitawala nchi tangu mwaka 1653 hata alipofariki mwaka 1658. Hakuwa mfalme, lakini nguvu yake ilikuwa jeshi. Watu wakaona ya kuwa kumwondoa mfalme ni jambo moja, na kuiweka sheria mahali pake ni jambo jingine. Mwaka 1660 wakamrudisha mwana wa mfalme aliyeuawa, naye ni Charles wa Pili. Mwaka 1685 akafuata ndugu yake, James wa Pili, naye akaanza tena kutangua sheria kwa amri yake mwenyewe. Maaskofu saba walipomwandikia kumsihi, aliwashtaki. Lakini wazee wa baraza la hukumu wakawaona hawana hatia.

Ndipo baadhi ya wakubwa wa nchi wakamwita William wa Orange kutoka Uholanzi, mume wa Mary binti James. Alishuka pwani ya Uingereza tarehe 5 Novemba 1688, na James akakimbilia Ufaransa. Mwaka 1689 Bunge likaweka sheria ya haki: mfalme hawezi kutangua sheria, wala kutoza kodi, wala kuweka jeshi wakati wa amani, ila kwa idhini ya Bunge, nao wajumbe waseme Bungeni pasipo kuogopa kushtakiwa. Sheria ya mwaka 1701 ikaongeza ya kuwa mfalme asiweze kumfukuza hakimu kwa sababu tu hukumu yake haikumpendeza.

Waingereza hupenda kuyaita mapinduzi hayo matukufu, yasiyomwaga damu. Katika Uingereza damu iliyomwagika ilikuwa kidogo kweli. Lakini Ireland vita vilikuwa vikali, na mapigano ya mto Boyne ya mwaka 1690 hayajasahauliwa huko hata leo.

4. Jinsi sheria ilivyofungua njia

Sasa tuulize: mambo haya yana uhusiano gani na mashine?

Kwanza, mkopo. Mfalme asiyefungwa na sheria, ni nani atakayemkopesha kwa amani? Akikataa kulipa, hakuna wa kumshtaki. Lakini deni lililoridhiwa na Bunge lilikuwa deni la nchi. Mwaka 1694 Benki ya Uingereza ilianzishwa, nao walioweka fedha zao wakaikopesha serikali pauni 1,200,000. Watu wakazoea kutoa fedha zao kwa kutumaini maandishi, na desturi hiyo ikasaidia kazi nyingine kubwa, kama mifereji na barabara.

Pili, ulinzi wa mvumbuzi. Sheria ya mwaka 1624 ilikataza mfalme kumpa mtu mmoja biashara iwe yake peke yake. Ila mtu aliyevumbua kazi mpya aliruhusiwa kuishika peke yake kwa miaka 14. James Watt, fundi wa Scotland, alipata haki hiyo mwaka 1769 kwa kuitengeneza upya mashine ya mvuke, ili itumie makaa machache zaidi. Mwaka 1775 Bunge likamwongezea muda hata mwaka 1800. Ndipo tajiri Matthew Boulton wa Birmingham akakubali kutia mali yake katika kazi ile.

Tatu, dini. Sheria ya mwaka 1689 iliwapa Waprotestanti wasiokuwa wa kanisa la serikali ruhusa ya kusali kwa namna yao. Lakini kazi za serikali walizuiliwa kwa sheria nyingine iliyoondolewa mwaka 1828 tu. Kwa hiyo wengi wao walishika biashara na ufundi. Abraham Darby, aliyefaulu mwaka 1709 kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, alikuwa wa jamii ya Marafiki, waitwao Wakweka. Thomas Newcomen, ambaye mwaka 1712 alisimamisha mashine ya mvuke ya kutoa maji katika shimo la makaa karibu na Dudley, alikuwa muuza vyombo vya chuma, tena mhubiri katika ushirika wa Wabaptisti.

Lakini tusiseme ya kuwa sheria peke yake ilizaa viwanda. Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe mengi, na mito ya kuendesha magurudumu. Tena mishahara ya watu ilikuwa mikubwa kuliko katika nchi nyingi, hata matajiri wakaona faida kutumia mashine badala ya mikono. Sheria ilikuwa kama shamba lililolimwa. Mbegu na mvua zilitoka pengine.

5. Walioachwa nje

Hata hivyo Bunge lililomfunga mfalme lilikuwa Bunge la watu wa namna gani? Lilikuwa Bunge la wenye ardhi, kama Ireton alivyotaka. Old Sarum, kilima kilichokuwa karibu hakina mtu, kilipeleka wajumbe wawili. Manchester, mji wa pamba uliokuwa na watu zaidi ya 70,000 mwaka 1801, haukuwa na mjumbe wake hata mmoja.

Tazameni yaliyofuata. Vijijini palikuwa na malisho na misitu iliyotumiwa na wote. Mwanamke maskini aliweza kufuga ng'ombe mmoja na kuokota kuni. Bunge likatoa sheria za kuigawa ardhi hiyo na kuizungushia ua. Tangu mwaka 1604 hata 1914 sheria za namna hiyo zilipita 5,200, nazo zilishika zaidi ya sehemu moja katika tano za nchi ya Uingereza. Mwenye ardhi kubwa alipata hati. Mwenye ng'ombe mmoja mara nyingi hakupata kitu. Wengi wakaenda mijini kutafuta kazi ya mshahara.

Huko walikuta viwanda. Mwaka 1771 Richard Arkwright alijenga Cromford, kando ya mto Derwent, kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji. Watu walifanya kazi zamu za usiku na mchana, na wengi katika wafanya kazi wake walikuwa watoto. Zamani mfumaji alifanya kazi nyumbani mwake, akipumzika apendapo. Sasa kengele ya kiwanda ndiyo iliyomwamuru. Wafanya kazi walipotaka kuungana ili kudai mishahara, Bunge liliwakataza kwa sheria za mwaka 1799 na 1800. Mafundi walipovunja mashine kwa hasira, Bunge likaamuru mwaka 1812 ya kuwa mvunja mashine auawe. Mwezi wa Januari 1813 watu 17 walinyongwa York kwa ajili ya fujo hizo.

Na pamba yenyewe ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Marekani, ikilimwa na watumwa Waafrika. Bunge lilipokomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza kwa sheria ya mwaka 1833, lilitenga pauni 20,000,000 kuwalipa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki iliguswa na mambo haya. Kitambaa kile ambacho wazee waliita amerikani kilifumwa kwa mashine katika jimbo la Massachusetts, kikaletwa Unguja na merikebu za Salem. Mashine zile zilifuata mfano wa zile za Uingereza, na pamba yake ilitoka katika mashamba ya watumwa.

Basi sheria ilimlinda mkopeshaji, na mvumbuzi, na mwenye ardhi. Kwa nini haikumlinda mtoto wa Cromford? Wahenga wamekwisha kujibu: Asiyekuwapo na lake halipo.

6. Mlango ulivyopanuliwa

Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika Manchester, wanaume, wanawake na watoto, kudai wajumbe Bungeni. Askari wa farasi waliingizwa kati yao na panga. Watu wasiopungua 15 walikufa, mamia wakajeruhiwa. Lakini madai hayakufa. Sheria ya mwaka 1832 iliondoa wajumbe wa Old Sarum, ikaupa Manchester wajumbe wawili. Maskini hawakupata kura siku ile, lakini vilio vyao viliweza kusikiwa zaidi. Mwaka uleule Bunge lilisikiliza ushuhuda wa watu waliolemazwa na kazi za viwandani tangu utoto wao. Mwaka 1833 ikatoka sheria ya viwanda vya nguo: mtoto wa chini ya miaka 9 asiajiriwe, ila katika vile vya hariri, wa miaka 9 hata 13 asizidishe saa 48 kwa juma, naye asomeshwe, na wakaguzi wanne wakawekwa. Sheria za zamani zilikuwa maneno matupu, maana hapakuwa na mkaguzi wa serikali wa kwenda kutazama.

Kura yenyewe ilifika polepole: mwaka 1867 kwa wafanya kazi wengi wa mijini, 1884 kwa wengi wa vijijini, 1918 kwa wanaume wote wa miaka 21 na wanawake wengi wa miaka 30 na zaidi, na 1928 kwa wanawake sawasawa na wanaume. Tangu mazungumzo ya Putney ilikuwa imepita miaka 281.

7. Mafundisho yake

Tusiwadharau waliomfunga mfalme kwa sheria. Pasipo kazi yao, walioachwa nje wasingekuwa na mlango wa kubisha. Lakini tusidhani kazi imekwisha mtu mkubwa akiisha kufungwa na sheria. Yatupasa kuuliza tena: ni nani walioketi walipoiandika, na ni nani aliyesimama nje?

Swali hili si la London tu. Baraza la wazee likigawa maji ya mfereji, je, wanawake wayatekao wamesikiwa? Kijiji kikiuza malisho, je, mwenye mbuzi wawili aliitwa? Ushirika ukipanga mchango, je, mjane aliulizwa? Mara nyingi watu hawadhulumiwi kwa chuki. Hudhulumiwa kwa sababu hawakuwapo.

Maswali kwa walimu

1. Mfalme alikatazwa mambo gani kwa sheria ya mwaka 1689?
2. Rainsborough na Ireton walihitilafiana katika neno gani? Wewe ungemjibu Ireton nini?
3. Kwa nini sheria ya viwanda ya mwaka 1833 ilikuwa na nguvu kuliko zile zilizotangulia?
4. Katika mabaraza ya mahali pako, ni nani ambaye mambo yake huamuliwa naye hayupo? Afanyiwe nini?