Dondoo Muhimu: Mfarishi wa Kanga za Wazee

Mfarishi ulioshonwa kwa vipande vya kanga za bibi na shangazi ni amana ya ukoo, na mwenye kuazimu kuushona hana budi kuzingatia haya kabla ya kutia mkasi nguoni.

1. Fua kila kanga peke yake kwanza, khasa nyekundu, kwani rangi ikichuja baada ya kushonwa huiharibu nyeupe iliyo jirani yake, na dosari hiyo haina dawa.

2. Usilikate jina la kanga. Liache zima pamoja na kipande cha pindo, maana ndilo wajukuu watakalolisoma kwanza.

3. Kipande kilichochakaa kitilie bafta kwa chini.

4. Tumia uzi wa pamba. Wa nailoni hukata nguo kuukuu.

5. Tarizi kwa nyuma jina la mwenye kanga na mwaka wa harusi au uzazi alipoivaa.

6. Mfarishi uanike kivulini.

7. Usiuweke katika mfuko wa plastiki, ambamo unyevunyevu wa pwani huzaa koga. Ukunje na kuufunga kwa shuka safi ndipo uutie sandukuni, na kila miezi michache uukunje upya kwa kubadili mikunjo.

8. Habari za kanga hizo waulize wazee sasa, wangali hai.