KUFUMA SWETA WAKATI WA KIPUPWE: PIMA KWANZA

Mwezi wa Juni uingiapo, watu wa nyanda za juu hawana haja ya kalenda. Asubuhi moshi hulala juu ya mapaa, vidole hukataa kushika jembe, na watoto huenda shuleni wamejikunyata, mikono kwapani. Mji wa Njombe wakaribia kimo cha meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Na huko Kitulo, ambako ni juu zaidi, umande huganda usiku ukawa mweupe juu ya majani. Siku hizo ndizo siku za kufuma. Kazi za shamba zikiisha, mtu huketi jioni karibu na taa, akashika sindano mbili na donge la uzi, na kidogo kidogo sweta huzaliwa mikononi mwake.

Katika somo hili hatutaeleza kila jambo la ufumaji, kwa maana mkono hufundishwa na mkono, wala si na karatasi. Twapenda kueleza jambo moja tu ambalo wafumaji wengi hulidharau, nasi pia tulilidharau mpaka likatuaibisha. Jambo hilo ni kupima.

Aibu yetu ilikuwa hivi. Kipupwe kimoja tuliazimu kumfumia sweta mtoto wa dada yetu, mvulana wa miaka sita. Tulipata karatasi ya maelezo iliyosema, vitanzi 20 hufanya upana wa sentimeta 10. Kifua cha mtoto kilikuwa sentimeta 60. Tukaongeza 8 ili apate nafasi ya kupumua na kucheza, jumla 68. Basi tukaanza na vitanzi 136, tukafuma kwa furaha majuma matatu, wala hatukupima tena. Siku ya kumvika, sweta lilimmeza. Mabega yalimfika karibu na viwiko. Mtoto alilitazama, akatutazama na sisi, akasema kwa adabu, “Ahsante, mama mdogo. Nitalivaa nikiwa mkubwa.” Watu wote wakacheka, naye akaenda shuleni na baridi yake kama jana.

Kosa halikuwa la karatasi, wala la uzi. Mkono wetu ni mlegevu: kwetu sisi sentimeta 10 hazijazwi na vitanzi 20, bali na 17 tu. Vitanzi 136 vikigawanywa kwa namna hiyo hufanya sentimeta 80, yaani 12 zaidi ya tulizotaka. Hesabu hiyo mtoto wa shule aweza kuifanya; sisi hatukuifanya.

Kufuma ni nini

Kufuma kwa sindano si kama kufuma nguo kwa mtande, ambako nyuzi nyingi hupishana, wala si kama kusuka ukili. Hapa uzi ni mmoja, nao huvutwa kuwa kitanzi ndani ya kitanzi, mstari juu ya mstari. Ndiyo sababu sweta huvutika likarudi, na ndiyo sababu kitanzi kimoja kikiponyoka, vilivyo chini yake hufunguka mmoja baada ya mwingine kama ngazi. Wengine hudhani kazi hii ni ya Ulaya tangu asili. Sivyo. Miongoni mwa vitu vya kale kabisa vijulikanavyo vya kufumwa namna hii ni soksi za pamba, za rangi ya samawati na nyeupe, zilizopatikana Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Basi mwenye kufuma katika Afrika hashiki kazi ya kigeni.

1. Pima uzi

Sokoni nyuzi zote hufanana, walakini tabia zao si moja. Sufu ni manyoya ya kondoo wa namna maalumu. Kondoo wetu wengi wa asili, wenye mikia ya mafuta, wana nywele fupi zisizofaa kusokotwa. Unywele wa sufu una mikunjo mingi, na mikunjo hiyo hushika hewa. Hewa iliyotulia ndiyo izuiayo joto la mwili lisitoke. Tena sufu yaweza kunywa mvuke wa maji kiasi cha kama theluthi ya uzito wake, na mvaaji asione kuwa imelowa. Kwa hiyo hufaa sana katika ukungu wa asubuhi.

Uzi wa akriliki hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Bei yake ni nafuu, hufuliwa kwa urahisi, nao si uzi mbaya. Lakini una hatari moja ambayo kila mzazi yampasa kuijua: ushikwapo na moto huyeyuka, ukaganda juu ya ngozi. Sufu haishiki moto upesi, na mara nyingi hujizimia yenyewe. Nyumba nyingi za baridi zina jiko la mkaa au mafiga katikati, na watoto hulizunguka. Fikirini wenyewe.

Ukitaka kujua uzi wako ni wa namna gani, kata kipande kifupi kama kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, mbali na watoto, ukiwashe. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni yakipoa. Akriliki huyeyuka ikawa shanga ngumu nyeusi. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua.

Jambo la mwisho la uzi ni namba ya rangi iliyopigwa chapa kwenye kikaratasi cha donge. Kiwanda hutia nyuzi rangi kwa mafungu, na fungu moja halilingani sawasawa na jingine. Sweta la mtoto wa miaka sita, kwa uzi wa unene wa kati, hula kama gramu 300, yaani madonge 6 ya gramu 50. Nunua yote siku moja, yenye namba moja, na donge moja la akiba. Sisi tuna fulana yenye mkono mmoja wa kijani cha mgomba na mkono wa pili wa kijani cha mwani, nayo yatukumbusha somo hili kila tuivaapo.

2. Pima mkono

Hili ndilo jambo kubwa. Kabla ya kuanza sweta, fuma kipande cha mraba kipatacho sentimeta 15 kila upande, kwa uzi uleule na sindano zilezile utakazozitumia. Kisha kifue kama utakavyolifua sweta, ukilaze kikauke bila kukivuta, maana uzi hubadilika baada ya kuoshwa. Halafu weka rula katikati, wala si pembeni ambako vitanzi havikutulia, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimeta 10.

Vikiwa vichache kuliko vinavyotakiwa, mkono wako ni mlegevu. Chukua sindano nyembamba zaidi. Vikizidi, chukua sindano nene zaidi. Usijilazimishe kukaza au kulegeza mkono, kwa maana utakaza mstari wa kwanza, na ukifika wa kumi utakuwa umesahau.

Wengi hutumia spoki za baiskeli zilizonolewa ncha, na akili hiyo twaisifu. Lakini unene wa spoki ni kama milimita 2 tu. Hufaa kwa soksi na kofia za uzi mwembamba. Uzi mnene ukifumwa kwa spoki huwa mgumu kama ubao, wala haushiki hewa. Kwa sweta la kawaida chonga vijiti vya mwanzi vya unene wa milimita 4 au 5, uvilainishe kwa msasa, uvisugue na mafuta kidogo.

Mtu atasema, “Kipande hicho ni hasara ya uzi na ya jioni mbili.” Twajibu, sisi tulipoteza majuma matatu. Tena kipande hakitupwi: uzi ukipunguka mwishoni, hufumuliwa kikamaliza kola.

3. Pima mwili

Ukiisha kujua mkono wako, hesabu ni nyepesi. Pima kifua, ongeza nafasi, zidisha kwa vitanzi vya sentimeta moja. Kwa mkono wetu ni vitanzi 17 kwa sentimeta 10; basi sentimeta 68 zataka vitanzi 115 na kitu, nasi tukachukua 116.

Bibi mmoja jina lake Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kufariki Marekani mwaka 1999, aliwafundisha wafumaji njia ya kupata vipimo vingine kutokana na hesabu hiyo moja ya kifua. Kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1971. Kwa njia yake, mkono wa sweta penye kifundo huwa kama sehemu ya tano ya kifua, na penye bega huwa kama theluthi. Kwa kifua cha vitanzi 116, kifundo ni kama 24, na juu ya mkono ni kama 38. Mwalimu mwenye ubao na chaki aweza kufundisha hapo somo zima la sehemu na asilimia, na watoto wataona kwamba hesabu huvalika.

4. Kufumua si aibu

Baada ya aibu ile tulilitazama sweta kubwa siku mbili, tukalifumua lote. Jirani mmoja alisikitika kama aliyeona nyumba ikibomolewa. Lakini kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Uzi uliofumuliwa si uzi uliokufa.

Uingereza, wakati wa vita kuu ya pili, nguo zilitolewa kwa kipimo tangu Juni 1941 hadi Machi 1949, na uzi wa kufumia nao ulihitaji vyeti. Akina mama huko walifumua sweta za zamani, wakafuma soksi na nguo za watoto kwa uzi uleule. Walifanya hivyo kwa dhiki, lakini elimu yao yatufaa hata leo.

Namna yake ni hii. Fumua kuanzia mwisho wa kazi, ukizungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Funga fungu hilo mahali panne kwa vipande vya uzi ili lisitatizike. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini bila kulisugua, kwa sababu sufu ikisuguliwa katika maji ya moto hushikamana na kusinyaa, wala hairudi tena. Litundike kivulini. Likikauka, mikunjo ya zamani itakuwa imenyooka, nawe utazungusha donge jipya.

Kwa njia hiyo hata sweta za mitumba zaweza kuwa ghala la uzi mzuri wa sufu. Lakini kabla ya kulipa, ligeuze sweta utazame mishono ya ndani. Vipande vikiwa vimefumwa kwa umbo na kuunganishwa kwa mshono mwepesi, uzi utatoka mrefu. Ukingo ukiwa umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa cherehani, uzi umekatika kila mstari. Liache, au ulivae lilivyo.

5. Pima jasho

Wako wafumao kwa kuuza, na hao twawaambia neno moja. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskochi, zamani wanawake walifuma hata njiani, vikapu vya mboji kavu ya kuwashia moto vikiwa mgongoni, mikono ikienda na sindano. Kazi yao ilisifiwa mbali. Shali zao nyembamba ziliweza kupenya ndani ya pete ya arusi. Lakini wafanyabiashara wengi hawakuwalipa fedha. Waliwapa chai na vitambaa. Mwenye kuhitaji unga ilimpasa kutafuta mtu wa kubadilishana naye. Mambo hayo yalitangazwa wazi katika taarifa ya uchunguzi wa serikali ya mwaka 1872.

Wale walikuwa mafundi, lakini kipimo cha jasho lao kilikuwa mkononi mwa mwingine. Kwa hiyo weka daftari. Andika bei ya uzi, na kila jioni saa ulizofuma. Mwisho utajua sweta limekugharimu nini, na mnunuzi akikutajia bei utajua kama anakununulia kazi au anakunyang’anya. Usishindane na mashine kwa bei. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na William Lee wa Uingereza tangu mwaka 1589, nayo imetushinda kwa mbio siku nyingi. Shindana nayo kwa kile isichokijua: kifua cha mtoto huyu, urefu wa mkono wake, na bega lake lililoinama kidogo kwa kubeba ndoo.

Basi, wakubwa wa vijiji na waalimu, mkiwa na chumba chenye mwanga na mtu mmoja ajuaye kufuma, mna darasa. Vijiti vya mwanzi havina bei, na sweta moja la mitumba lililofumuliwa latosha kuwafundisha watoto kadhaa. Waanze na kipande cha mraba, wala wasiruhusiwe kuanza jambo lingine kabla ya kukihesabu.

Ama yule mvulana, tulimfumia upya kwa uzi uleule, vitanzi 116. Lilimkaa vema, na uzi ulisalia ukatosha kofia. Julai hiyo alikwenda shuleni mikono ikiwa nje ya kwapa.