SOMO LA AFYA: DAMU HUTOA USHAHIDI WA SURUA



Mtoto akipatwa na homa, mafua, macho mekundu na vipele, wengi husema mara moja kuwa ni surua. Lakini rubela nayo huleta homa na vipele. Kwa sababu hiyo mganga wa zahanati huchukua damu kidogo na kuipeleka maabara.

Virusi vya surua viingiapo mwilini, mwili hutengeneza kingamwili za kupambana navyo. Za kwanza, ziandikwazo IgM, huonekana karibu na siku vipele vitokeapo, kisha hutoweka baada ya majuma kadhaa. Za pili, IgG, hudumu miaka mingi. Mwaka 1846 daktari Peter Panum alichunguza surua katika visiwa vya Faroe, ambako ugonjwa huo ulikuwa haujaonekana tangu mwaka 1781. Aligundua kuwa wazee waliougua zamani, miaka 65 nyuma, hawakuugua tena.

Maabarani, maji ya damu hutiwa katika vishimo vidogo vilivyopakwa chembe za virusi vya surua. Kingamwili zikiwamo, hunata humo. Dawa maalumu ikiongezwa, rangi hutokea. IgM ikionekana, yaelekea mtoto anaugua sasa. IgG peke yake huonyesha kuwa aliugua au alichanjwa zamani. Kwa mtoto mchanga, huenda zimetoka kwa mama yake.

Hata hivyo, yapo mambo mawili yawezayo kupotosha jibu. Kwanza, damu ikichukuliwa katika siku 3 za mwanzo wa vipele, IgM yaweza kuwa bado haijaonekana, na kipimo hupaswa kurudiwa. Pili, mtoto aliyechanjwa majuma machache yaliyopita huwa na IgM pia, ingawa haugui.

Hapo ndipo kadi ya chanjo inapohitajika. Katibu anajua kuwa stakabadhi isiyo na tarehe humtatiza mkaguzi. Vivyo hivyo, damu isiyo na tarehe ya vipele wala ya chanjo humtatiza mtaalamu. Tanzania na Kenya huchanja surua mtoto afikapo miezi 9, na tena miezi 18. Kila mzazi na aitunze kadi, aende nayo zahanati.

Maswali ya kujadili mkutanoni:
1. IgM na IgG zatofautianaje?
2. Kwa nini kipimo cha mapema huweza kurudiwa?
3. Je, kadi za watoto wetu ziko wapi leo?