Kichupa Kinacholia

Vidonge vya miezi mitatu vya kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ndani ya kichupa cha plastiki, hulia ukikitikisa. Akina mama wengi wa Asembo Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria, wanaijua sauti hiyo, ndiyo maana wakitoka kliniki hushindilia pamba juu ya vidonge, wakakifunga kichupa ndani ya leso, ndipo wapande boda. Nyumbani kinafichwa nyuma ya mfuko wa unga. Na mtoto wa miaka 14 anayesonga ugali kila jioni ndiye anayeujua mfuko huo kuliko mtu yeyote.

Mzazi, mtoto wako anajua. Huenda hajui jina la ugonjwa, lakini anajua tarehe zako za kliniki na asubuhi ulizoshindwa kuamka. Usipomwambia atajaza pengo mwenyewe, na atakachojaza huwa kibaya kuliko ukweli. Jirani atamnong'oneza kwamba ni chira, laana ya kuvunja miiko. Yeye atahesabu siku, akihofia utakufa.

Hofu hiyo ina mizizi. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kulikuwa na maboma huku yaliyobaki na nyanya na wajukuu tu. Wajukuu wale ndio wazazi wa leo, na wengi wao hawakuelezwa wazazi wao waliugua nini, waliona mazishi. Lakini mambo yamebadilika. Dawa za kupunguza makali ya virusi ni bure katika hospitali za serikali, na tangu 2018 wagonjwa wengi Kenya wamehamia kwenye kidonge kipya cha mara moja kwa siku. Anayekimeza bila kuruka, virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na anaweza kuishi hadi akawabeba wajukuu. Mtoto anahitaji kulisikia hilo la wajukuu kutoka kinywani mwako.

Usimwitie kikao. Maneno mazito hutoka vizuri mikono ikiwa na kazi, kwa mfano mkichambua omena, dagaa wa ziwani. Sema: “Mwanangu, nina virusi vya Ukimwi. Nameza dawa kila usiku na zinanisaidia. Si kosa lako.” Halafu nyamaza. Akiinuka kwa hasira, mwache. Pengine siku ya tatu atarudi na swali moja: “Na mimi je?” Nenda naye akapimwe.

Ukishampa siri, mpe na mtu wa kuibeba naye: shangazi, nyanya, yeyote anayemwamini. Mwalimu wa darasa si lazima ajue jina la ugonjwa. Inatosha ajue kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

Kinachomvunja kijana kimya kimya ni kazi. Mama akilala, msichana mkubwa huamka saa kumi alfajiri kuteka maji ziwani, hupokea omena mashua zikirudi, huzianika juu ya nyavu, humvalisha mdogo wake, kisha hufika shuleni amechelewa na kuitwa mvivu. Mvulana huanza kwa kusukuma mashua Jumamosi. Akishaonja shilingi, Jumatatu haoni sababu ya darasa. Kusaidia si vibaya, lakini kazi inayomtoa mtoto darasani au kumnyima usingizi si yake tena. Igawe. Mvulana naye ashike sufuria (wazee watanuna, wanune tu).

Na usimtume msichana ufuoni kutafuta samaki kwa mkopo. Jaboya, ule mtindo wa mvuvi kudai mwili wa mwanamke kabla ya kumuuzia samaki, unajulikana na kila mtu hapa. Hakuna njaa inayohalalisha kumpeleka mtoto huko.

Mwenye kisukari au presha asome haya pia. Ugonjwa wake haufichwi nyuma ya unga, lakini mtoto anayemwona mzazi akianguka kwa sababu sukari imeshuka hulala jicho moja wazi. Mfundishe la kufanya: akupe kitu chenye sukari kama bado unaweza kumeza, kisha aite mtu mzima.

Mtoto akijitenga wiki nyingi, akikosa hamu ya kula, mweleze mhudumu wa afya ya jamii anayepita kwenu. Akisema hataki kuishi, usingoje tarehe yako ya kliniki: usimwache peke yake, nenda naye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ipo pia namba 116, simu ya kuwasaidia watoto. Haitozwi pesa, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.